Vunjajungu au Malaika Mchawi? Begi lina nafasi ya santuri moja tu

Dada yangu anaishi Leicester na anakuja Dar mwisho wa mwezi, juzi kanipigia akaniambia mapema kabisa ili tusije kugombana, mdogo wangu begi limeshajaa, kuna dawa za mama, kuna viatu vya watoto wa kaka, kuna mazagazaga ya watu hata siwajui, santuri nakubebea moja, na nikisema moja ni moja. Nikamwambia sawa dada, asante, nikakata simu nikabaki nimekaa kitandani naangalia ukuta kama mtu aliyeletewa barua ya baraza la kata. Maana mi nina mbili ambazo nazitamani miaka na miaka, zote nimezisikiliza kwenye simu mpaka nimezikariri, na zote ni za aina ile ambayo ukimtajia mtu anayejiita mpenzi wa hevi metali anakutolea macho tu.

Ya kwanza ni Time Tells No Lies ya Praying Mantis, imetoka 1981. Ya pili inaitwa Angel Witch, ya bendi inayoitwa hivyohivyo Angel Witch, yaani malaika mchawi, imetoka 1980. Bendi zote za London, zote zinapiga ile metali yenye melodi, ambayo ukishaizima unajikuta unapiga mluzi bafuni. Nimeanza kuzilinganisha kwa ajili yangu mwenyewe, halafu nikaona humu kuna watu wana hela ya albamu moja au bando la albamu moja, basi tuchague pamoja.

Na kabla mtu hajanikatisha, ndiyo najua, Freddie Mercury wa bendi ya Queen kazaliwa Unguja 1946, kila nikigusa roki ya Waingereza lazima atokee mtu wa kunikumbusha. Queen tunawaheshimu. Leo tunaongelea watu ambao hata hukohuko kwao wengi wanawajua kwa jina tu.

Kwa nini nazipambanisha hizi mbili na sio nyingine? Kwa sababu zilianzia mstari mmoja kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 70 kulikuwa na sehemu ya muziki ndani ya baa huko Kingsbury, kaskazini magharibi mwa London, ikiitwa Bandwagon, na dijei wake Neal Kay akaigeuza kuwa kijiwe cha metali tupu akakiita Heavy Metal Soundhouse. Bendi changa zilikuwa zinampelekea kanda za majaribio, akizipiga na watu wakizikubali, zinaingia kwenye orodha ya nyimbo zinazoombwa na orodha hiyo inachapishwa kwenye gazeti la muziki la Sounds, yaani unatoka kufanya mazoezi kwenye banda la mtu, wiki chache mbele nchi nzima inakusoma. Iron Maiden walitoa kirekodi chao cha kwanza 1979 wakakiita The Soundhouse Tapes kwa heshima ya pale, na Praying Mantis nao wakatoa chao wakakiita The Soundhouse Tapes Part 2, kama watu wa mtaa mmoja wanaoachiana namba kwenye foleni. Angel Witch wao tarehe 8 Mei 1979 walipanda jukwaa moja na Iron Maiden na Samson pale Music Machine, Camden, na ile shoo ndo Geoff Barton wa Sounds aliiandikia na jina la wimbi jipya la hevi metali ya Uingereza likazaliwa humo.

Februari 1980 lebo ya EMI wakatoa mkusanyiko wa bendi za wimbi hilo, Metal for Muthas. Maiden walipewa nyimbo mbili, wengine mojamoja. Mantis waliweka Captured City, Angel Witch wakaweka Baphomet. Sasa sikiliza hapa vizuri wewe unayetaka kununua: nyimbo zote hizo mbili, ambazo ndo ziliwapa jina, HAZIMO kwenye albamu zao za kwanza kama zilivyotoka. Ukinunua santuri ya zamani kwa sababu ya Captured City umeliwa, ukinunua ya Angel Witch kwa ajili ya Baphomet umeliwa vilevile, mpaka upate toleo la baadaye lenye nyimbo za ziada.

Baada ya hapo njia zikaachana. Angel Witch wakaishia Bronze, lebo iliyokuwa na Motörhead na Uriah Heep, watu wanaojua gitaa linalopiga kelele linauzwaje. Mantis wakaenda Arista, lebo ya kina Barry Manilow. Mi nikiwaza hivyo tu naona nusu ya hadithi yote ipo hapo.

Tuje kwenye kava, maana ukinunua santuri unanunua na picha ya ukubwa wa sinia itakayokaa sebuleni kwenu.

Praying mantis kwa Kiswahili ni vunjajungu, yule mdudu wa kijani anayekunja mikono kama anaomba dua. Wakubwa wanajua imani yake, ukimshika basi chombo utakachogusa baada ya hapo kinavunjika, bibi yangu alikuwa akituona naye mkononi anatufukuza jikoni hatukaribii hata kikombe cha plastiki. Kava la Time Tells No Lies limechorwa na Rodney Matthews, huyu mzee wa michoro ya dunia za ndoto, na humo vunjajungu ni mnyama mkubwa wa kutisha kidogo lakini anapendeza, rangi zimekolea, ni kitu unaweza kukiegesha juu ya kabati na mgeni akauliza kwa nia njema. Angel Witch wao wamechukua mchoro wa zamani, malaika walioasi wakiingia Jehanamu, kazi inayohusishwa na John Martin, mchoraji Mwingereza wa karne ya 19, na wenyewe uko jumba la sanaa la Tate kule London. Ni picha kali, giza lote halafu moto mwekundu chini na vijitu vidogovidogo vimejipanga. Mama aliiona kwenye simu yangu wiki iliyopita wakati ngoma inapiga, akavaa miwani, akauliza hao wanaoungua ndo kina nani. Nikamwambia mama huo ni mchoro tu, uko makumbusho Ulaya. Akasema basi na ubaki hukohuko makumbusho.

Kwa hiyo kama unakaa kwenu, hiyo ni pointi moja kwa mdudu, tuendelee.

Sasa sauti, na hapa ndo nataka kukaa muda, maana tofauti yote ya hizi albamu mi naiona kwenye hesabu ya watu. Angel Witch wakati wanarekodi walikuwa watatu: Kevin Heybourne anapiga gitaa na anaimba, Kevin Riddles besi na kinanda, Dave Hogg dramu. Basi. Gitaa moja, mdomo mmoja. Ukisikia magitaa mawili yanaenda sambamba humo ndani ujue ni Heybourne kajirudia studio juu ya Heybourne. Praying Mantis walikuwa wanne: Tino Troy na mdogo wake Chris Troy, jina lao la nyumbani ni Neophytou, familia yenye asili ya Cyprus, Tino gitaa, Chris besi, halafu Steve Carroll gitaa la pili na Dave Potts dramu, na hao watatu wa mbele WOTE wanaimba. Hakuna nyota. Mmoja anaanza ubeti, kiitikio kikifika wanaingia wote kwa ngazi tofauti.

Kama umekulia kwenye dansi hili halihitaji maelezo marefu. Unajua bendi ikiwa na solo, sekondi solo na rizimu kila gitaa lina kazi yake na halimkanyagi mwenzake, na unajua raha ya waimbaji watatu wamesogea kwenye maiki kiitikio kikikaribia. Mantis wanafanya jambo linalofanana na hilo kwa magitaa yaliyowekewa ukali wa metali. Sisemi walisikiliza Sikinde, hapana, wao walikuwa wanasikiliza mambo yao ya huko, bendi kama Wishbone Ash, nasema tu sikio letu linaingia humo bila kubisha hodi. Nina mshkaji wangu mmoja ambaye metali kwake ni kelele za watu waliokosa adabu, nikampigia Cheated, wimbo wa kwanza, sikumwambia ni nini, kilipofika kiitikio kashaanza kutikisa mguu, mara ya pili kinarudi anaguna nacho. Ndo akaniuliza hawa ni watu wa wapi.

Jaribio hilohilo kwa Angel Witch lilikwenda tofauti. Wimbo wa kwanza nao unaitwa Angel Witch (albamu, bendi na wimbo jina moja, uvivu au kujiamini, chagua mwenyewe) na una moja ya rifu (kile kipande cha gitaa kinachojirudia) tamu kuliko zote za ule mwaka, inakimbia, inakata kona, halafu kiitikio ni jina la bendi tu linapigiwa kelele na hutakisahau mpaka unaingia kaburini. Mshkaji alicheka. Akasema huyu anaimba kama mtu aliyeachwa stendi. Na hajakosea sana, sauti ya Heybourne ni ya juu, nyembamba, ina kilio, haina kifua kipana cha kina Bruce Dickinson wa Iron Maiden. Mi mwenyewe naipenda kwa sababu hiyohiyo, inaonekana ni mtu wa kweli anaogopa hayo mambo anayoyaimba. Lakini ni sauti ya kuzoea, kama bamia, wa kwanza kuonja sio lazima apende.

Ila likija suala la gitaa lenyewe, rifu kwa rifu, aisee. Angel Witch inashinda na sitaki mtu anibishie. Atlantis inaingia kwa kasi haina salamu, White Witch inaanza mbio katikati inanyamaza inakuwa kama usiku wa kijijini halafu inarudi tena na mkong'oto, Sorcerers inaanza taratibu inakudanganya, Gorgon inatambaa. Na Angel of Death karibu na mwisho ni zito, la polepole, Riddles kaweka kinanda chini yake kinanguruma, ukilisikiliza usiku umeme umekatika utawasha tochi ya simu bila kujua kwa nini. Vijana wa Marekani waliokuja kuanzisha mwendo wa thrashi, ile metali ya kasi, miaka michache baadaye walikuwa wanazikusanya rekodi za hawa jamaa, na ukisikiliza unaelewa walikuwa wanatafuta nini humo.

Mantis hawana rifu za namna hiyo. Rifu zao ni nzuri lakini zipo kama mkeka, za kuwekea kitu juu. Kinachowekwa juu ni zile solo mbili zinazokwenda bega kwa bega, na nataka nikuoneshe sehemu moja. Chukua Lovers to the Grave, weka spika za masikioni, zote mbili, sio moja sikioni nyingine inaning'inia shingoni kama konda. Inaanza taratibu, gitaa linadonoa nyuzi mojamoja, sauti ina huzuni lakini hailii, wimbo wa mapenzi yanayokwenda mpaka kaburini kama jina linavyosema. Unajiambia haya, hii ndo ile ya kubembeleza, kila albamu inayo moja. Halafu inaanza kukaza kidogokidogo, dramu za Potts zinanyanyuka, mwendo unabadilika, na magitaa mawili yanatoka pamoja, moja juu moja chini, melodi ileile, wanapanda nayo kama watu wawili waliobeba kitanda kwenye ngazi, ukitetereka wewe na mimi naanguka. Mi kila mara hapo naacha ninachofanya. Nimeshaunguza chapati mbili kwa ajili ya huo wimbo.

Children of the Earth inayofunga albamu nayo ni ya ukoo huohuo, kubwa, ya kupanda mlima. Hizo mbili kwangu ndo zinabeba mzigo wote.

Ubora wa kurekodi, hapa zote zina majeraha. Prodyuza wa Mantis alikuwa Tim Friese-Greene, na huyu jamaa historia yake inachekesha: mwaka uliofuata, 1982, akawatengenezea kundi la Tight Fit ile The Lion Sleeps Tonight ikaenda namba moja Uingereza, yaani uleule wimbo ambao mizizi yake ni Mbube wa Solomon Linda wa Afrika Kusini, wa 1939, halafu baadaye akaenda kufanya kazi na bendi ya Talk Talk mambo mazito ambayo watu wanayasoma vyuoni. Metali haikuwa nyumbani kwake na inasikika. Time Tells No Lies imesafishwa mno, sauti za waimbaji zipo mbele zinang'aa lakini magitaa yamenyimwa nyama, besi ya Chris unaitafuta. Ukiisikiliza kwenye spika ndogo ya blututhi unaweza kudhani betri inaisha. Angel Witch ilitengenezwa na Martin Smith na ugonjwa wake ni wa upande mwingine, kuna ukungu, dramu ziko kama chumba cha pili, ngoma na gitaa vinagombania nafasi. Lakini ukungu kwa muziki wa mambo ya giza unakaa vizuri tu, wengi siku hizi wanaupenda kwa ajili hiyohiyo. Ule usafi wa Mantis hausameheki kirahisi namna hiyo. Hapa nampa Malaika Mchawi, kwa shingo upande.

Makosa ya wazi sasa. Mantis wana moja kubwa, wimbo wa pili ni All Day and All of the Night wa The Kinks, ule wa 1964. Wameupiga vizuri, sio kwamba ni mbaya, lakini unatoka Cheated, umeshaingia kwenye dunia yao, mara unarudishwa kwenye wimbo wa watu wengine ambao baba zako wameucheza kwenye disko la shule. Unanuka mkono wa lebo inayotaka kitu cha redio. Mi kwenye simu nauruka, kwenye santuri utabidi unyanyuke au uvumilie. Rich City Kids nayo ni ya kawaida. Kwa upande wa Angel Witch, Free Man ni ya taratibu na ni nzuri lakini inafanana na mtu aliyeingia kwenye sherehe isiyo yake, na Devil's Tower ya mwisho ni kipande kifupi hakina maneno, kinaisha kabla hujajua kama kimeanza. Sweet Danger inapendwa na wengi, kwangu ni ya wastani, ila ina historia tamu, ilipotoka kama singo 1980 iliingia kwenye chati ya Uingereza namba 75, wiki moja, ikatoka, na chati yenyewe ilikuwa inaishia 75. Yaani uliingia kwenye daladala ukabaki umesimama mlangoni mguu mmoja nje kituo kimoja ukashuka.

Time Tells No Lies yenyewe ilifika 60 kwenye chati ya albamu. Sio aibu ila sio kitu cha kumfanya mtu wa Arista akupigie simu Jumatatu.

Mashairi nitapita haraka. Angel Witch ni wachawi, visiwa vilivyozama, mazimwi, na kifo, jina moja kwa moja utadhani ni orodha ya ngano za bibi. Mantis wanaongelea zaidi watu: kudanganywa, mapenzi, watoto wa matajiri wa mjini, dunia tutakayowaachia watoto, taharuki mitaani. Na mwaka huohuo 1981 Brixton, mtaa wa London, iliwaka moto kweli kwa ghasia, hivyo ule wimbo wa Panic in the Streets mtu wa London aliyeinunua hakuwa na haja ya kufikiria sana. Kama nyumbani kuna watu wanaotafsiri maneno ya nyimbo ili wakushtaki, umeshajua uchague ipi.

Utaambiwa pia uache zote mbili uchukue Diamond Head, Lightning to the Nations, ya 1980. Ni kubwa kweli, lakini ile siwezi kuiita iliyosahaulika, Metallica waliimba Am I Evil? 1984 na tangu hapo kila mtu anaijua hata kama hajui ya nani. Mwingine atakwambia Demon, The Unexpected Guest ya 1982, wale jamaa wa Leek, Staffordshire. Huyo msikilize. Don't Break the Circle ni wimbo ambao ungetakiwa kuwa kwenye kila simu, na Dave Hill ana sauti ya kikwaruzo inayoshikika haraka kuliko Heybourne. Ingekuwa begi lina nafasi ya tatu ningeshaiagiza, tatizo imejengwa kama hadithi moja, pepo na vikao vya kuita mizimu, inataka uisikilize mwanzo mwisho, na kwa mtu anayeanza naona bora kwanza apate kitu cha kuonja vipandevipande.

Kuna jambo moja wanaonunua hawaliulizi na mi naona lina maana, ukishaipenda hii albamu unakwenda wapi baada yake? Angel Witch mlango unafungika haraka. Hogg aliondoka, bendi ikasambaratika mapema tu, Riddles akaenda bendi ya Tytan, albamu ya pili ikaja 1985 na sio ile uliyoipenda. Inabidi uruke mpaka 2012, As Above, So Below, ambapo Heybourne mtu mzima anarudi na moto wake, na Angel of Light ya 2019 nayo iko vizuri sana. Kwa hiyo una moja, pengo la miongo, halafu mbili.

Mantis ni tofauti, ni mto wenye makona. Waliachana na Arista, wakabadili watu, ndugu wawili wakaingia kwenye bendi ya Stratus wakiwa na Bernie Shaw, ambaye baadaye akawa mwimbaji wa Uriah Heep mpaka leo, na Clive Burr aliyekuwa dramu wa Maiden, wakatoa albamu 1984 ambayo ni ya vinanda vingi na nywele nyingi, sikutumi huko. 1990 wakaitwa Japan kwenye ziara ya kumbukumbu ya lile wimbi, wakapanda na Paul Di'Anno na Dennis Stratton, wote waliwahi kuwa Maiden, na Wajapani wakawapokea kama wafalme waliopotea. Miaka yote ya 90 bendi ikaishi kwa Japan. A Cry for the New World ya 1993 ukishaipenda Lovers to the Grave unaikimbilia moja kwa moja, magitaa yaleyale yamebeba kitanda kilekile. Na bado wapo, Tino na Chris bado wanatoa albamu, Katharsis ilitoka 2022. Hivyo ukinunua mdudu umenunua ufunguo wa nyumba yenye vyumba vingi, vingine vina vumbi, lakini vipo.

Kwa hiyo chagua hivi. Kama wewe unasikiliza gitaa kwanza na mwimbaji baadaye, kama ulishapita kwa Maiden na Metallica na unataka kujua maji yalitokea kisima gani, kama kava la kutisha kwako ni raha na unakaa peke yako, chukua Angel Witch bila kuwaza. Kwa upimaji wa haki, wimbo kwa wimbo, nitakubali ndo albamu bora kati ya hizi, ina mashimo machache. Tafuta toleo la baadaye lenye nyimbo za ziada upate na Baphomet na zile walizopiga BBC.

Kama wewe sikio lako linatafuta sauti za watu kwanza, ulikua na kwaya au dansi au hata Boyz II Men, unataka kitu utakachopiga Jumapili mchana wakati watu wanakula na asiwepo wa kukuomba upunguze, chukua Time Tells No Lies. Jaribu tatu kwanza: Cheated, Lovers to the Grave, Children of the Earth. Zikikukataa zote tatu, acha, hamuendani, usilazimishe.

Mi nimeshasema Angel Witch ni bora na bado siichagui. Angel Witch naisikiliza nikiwa na hali fulani, usiku, nimekasirika au nimeosha vyombo vya watu kumi. Ya Mantis nimeisikiliza nikiwa na malaria, nimeisikiliza siku nimepata kazi, na kila mara wale watu watatu wakiingia kwenye kiitikio naona chumba kimejaa. Hilo la magitaa kukosa nyama nalijua, nimelizoea kama unavyozoea baiskeli yenye breki moja.

Jana dada kanitumia sauti kwenye WhatsApp akiwa dukani, nyuma yake nasikia mtu anapekua santuri, tap, tap, tap. Anasema mdogo wangu nimezikuta zote hapa, hii ya huyo mdudu wako kona ya kava imekunjika na kuna mtu kaandika jina lake nyuma kwa kalamu, hii ya wanaoungua ni mpya kabisa imefungwa na nailoni ila bei imesimama kidogo, sema haraka parking inaniishia. Nikamwandikia: mdudu dada, hivyohivyo na jina la mtu. Akanyamaza kama dakika mbili, nikajua kishaenda kulipa. Halafu akajibu: Sawa. Ila vyombo vikianza kuvunjika hapo nyumbani mi simo.